Nani Alipe Gharama ya Dhamiri Yetu?



Ukitoka Fourways kuelekea kaskazini kwa barabara ya R511, utaziacha kwanza kuta ndefu za Dainfern, mtaa wa wenye nazo, wenye uwanja wa gofu na walinzi getini. Dakika chache mbele, mkono wa kushoto, inaanza Diepsloot. Jina hilo ni la Kiafrikana na maana yake ni mtaro wenye kina. Mji ulianza mwaka 1995 kama kambi ya muda ya watu waliohamishwa kutoka Zevenfontein, na kama ilivyo kawaida ya mambo ya muda, ukabaki. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu 138,329, wengi wao wakiishi kwenye vibanda vya mabati na vyumba vya kupanga vya uani. Wapo waliotoka Limpopo, wapo Wazimbabwe, Wamsumbiji na Wamalawi, na hapa na pale utasikia Kiswahili, cha Kivu zaidi kuliko cha Pwani.

Kwenye nguzo na kuta za Johannesburg, na Diepsloot haikusalimika, hubandikwa vikaratasi vidogo vya rangi. Vinaahidi kutoa mimba siku hiyo hiyo, kwa usalama, bila maumivu. Hakuna jina la daktari wala anwani, ni namba ya simu tu. Mgeni anayefika mara ya kwanza hudhani kwamba hii ni nchi ambayo jambo hilo limekatazwa na sheria, ndiyo maana linafanywa kwa kificho. Kumbe sheria imeliruhusu tangu Februari 1997. Basi kwa nini biashara ya nguzoni haijafa? Sababu ni nyingi: aibu, umaskini, kutojua haki, foleni ndefu, uchache wa wahudumu. Leo tunaitaka sababu moja tu, kwa kuwa inatuhusu hata sisi tusio waganga. Nayo ni dhamiri ya mhudumu anayesema, "Kazi hii mimi siifanyi, imani yangu hainiruhusu."

Tuseme mapema kwamba sisi ni wahandisi, si madaktari. Tungeweza kukaa kimya na kuwaachia wenye fani yao. Lakini siku moja suala hili lilitufuata mpaka mezani petu, na hatukulijibu vizuri.

Ndugu wanaoishi ugenini wanaijua hali hii. Mtu akisifika kwamba Kiingereza chake ni kizuri, basi ameshakuwa mkalimani wa jumuiya nzima, kwa benki, kwa mwenye nyumba, kwa polisi na kwa hospitali. Miaka kadhaa iliyopita simu yetu ililia asubuhi tukiwa kazini. Alikuwa binti wa Kivu aliyepanga chumba Diepsloot, ambaye lugha zake ni Kiswahili na Kifaransa basi. Alikuwa mbele ya sista wa zamu katika kliniki moja ya serikali. Alituambia, kwa Kiswahili chao, "Papa, umuambie mi sitaki hii mimba. Umuambie anisaidie nitoke nayo mapema." Sababu zake alizitaja. Hatutazirudia hapa, si zetu.

Sisi ni watu wa ibada. Tumelelewa tukiamini kwamba uhai wa mtoto tumboni ni amana. Neno lile lilitukwama kooni. Simu ikapewa sista, naye akauliza, "Anasema nini?" Tukajibu kwa Kiingereza safi cha chuo kikuu kwamba dada huyu ana wasiwasi kuhusu ujauzito wake na anaomba ushauri. Sista, kwa wema wake wote, akampa kadi ya kliniki ya wajawazito na tarehe ya kurudi.

Hatukusema uongo, au ndivyo tulivyojifariji. Tulipunguza tu. Baada ya wiki mbili binti alipiga tena, analia. Mtu mwingine alikuwa amemsomea ile kadi. Wakati ule wa kwanza alikuwa na wiki 9, sasa anaingia ya 11, na sheria ya hapa ina mlango unaobanwa baada ya wiki ya 12. Safari hii tulitafsiri kila neno. Alichoamua baadaye, na kilichotokea, ni siri yake. Tunachokiandika hapa ni kosa letu: tulitumia dhamiri yetu, na gharama akalipa yeye, bila hata kuambiwa kwamba kuna deni.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza. Je, mtu anayo haki ya kukataa kushiriki katika jambo analoliona ni dhambi? Na kama anayo, haki hiyo inaishia wapi?

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunaisikia kwa kuambiwa. Chini ya sheria ya mwaka 1975, ya enzi za ubaguzi wa rangi, kutoa mimba kwa njia halali kulikuwa kugumu mno, na waliofanikiwa wengi walikuwa wanawake Weupe wenye uwezo. Wengine walikwenda vichochoroni. Utafiti wa mwaka 1994 ulikadiria kwamba katika hospitali za umma wanawake 425 hivi walikuwa wakifa kila mwaka kutokana na mimba zilizoharibika au kuharibiwa. Bunge jipya likapitisha sheria ya mwaka 1996. Mwanamke anaweza kuomba mwenyewe mimba itolewe mpaka wiki ya 12. Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 20 lazima ziwepo sababu zilizotajwa, kama vile hatari kwa afya yake, kubakwa, au hali ngumu ya maisha. Na baada ya wiki ya 20 milango inabaki michache sana. Watafiti walipopima tena, kwa miaka ya 1998 hadi 2001, waliona vifo vile vimepungua kwa asilimia 91. Hata sisi tunaoamini kwamba uhai wa tumboni ni amana, hatuwezi kuzipita takwimu hizi kama hatukuziona. Nao wale walikuwa amana.

Ama kuhusu mhudumu anayekataa, sheria ile haikutaja neno dhamiri. Inasema tu kwamba anayemzuia mwanamke kupata huduma halali, au anayeziba njia ya kuifikia, ametenda kosa linaloweza kumpeleka jela hadi miaka 10. Lakini Katiba, kifungu cha 15, inamhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 12, inampa kila mtu haki ya kuamua kuhusu uzazi wake; kifungu cha 27 kinampa haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haki mbili zimekaa nyumba moja, na nyumba ni finyu. Katikati ya miaka ya 2000 muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Kopanong, Vereeniging, alikwenda mahakamani akidai amebaguliwa kwa sababu ya imani yake baada ya kukataa kusaidia kazi hiyo. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2019 ulijaribu kuweka mpaka: anayekataa ni mtu mmoja mmoja wala si jengo, akatae kitendo chenyewe, si kumpokea mgonjwa au kumtunza, amweleze mgonjwa haki yake na kumwelekeza kwa mwingine, na katika dharura asikatae kabisa.

Wapo wanaosema kwamba hata hiyo ni hisani iliyozidi. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: hakuna aliyelazimishwa kuwa nesi, kama kazi huiwezi, tafuta nyingine. Sweden inafuata njia hiyo, haitambui haki ya mkunga kukataa, na mwaka 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kuyasikiliza malalamiko ya wakunga wawili wa nchi hiyo. Sisi hatukubaliani na hoja hiyo moja kwa moja, na sababu yetu tunaitoa katika historia ya nchi hii hii.

Septemba 1977 Steve Biko alikuwa mahabusu Port Elizabeth, amepigwa kichwani. Madaktari wawili wa serikali walimwona. Waliona dalili, wakayanyamazia mambo waliyopaswa kuyasema, na wakamwacha asafirishwe hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa uchi nyuma ya gari la polisi. Alifariki tarehe 12. Madaktari wale hawakukosa elimu. Walikosa ule uwezo wa kusema "sifanyi" mbele ya anayewalipa mshahara. Miaka minane baadaye, katika mji huo huo na ofisi hiyo hiyo ya madaktari wa serikali, daktari kijana aitwaye Wendy Orr aliwaona mahabusu wengi wenye majeraha ya kipigo. Akaenda mahakamani, Septemba 1985, akapata amri ya kuwazuia polisi kuwapiga. Malipo yake kazini yalikuwa kuondolewa asiwaone mahabusu tena.

Yupo pia Dk. Ivan Toms, aliyeendesha kliniki Crossroads, Cape Town, miongoni mwa watu waliokuwa wakibomolewa vibanda vyao na serikali. Alipoitwa tena kulitumikia jeshi alikataa, kwa sababu alikuwa Mkristo na alikuwa ameona kwa macho yake jeshi lile linafanya nini kwa wagonjwa wake. Mwaka 1988 alifungwa. Kwa hiyo tukisema daktari aiache dhamiri yake getini anapoingia kazini, tunawaomba Mungu atujalie madaktari wa Biko. Hilo hatulitaki. Mtu aliyefundishwa kuinyamazisha nafsi yake katika jambo moja hatuna hakika ataisikia katika jingine.

Lakini tazameni vizuri, ndugu zangu, tofauti iliyopo. Toms alipokataa, nani alilala gerezani? Yeye. Wendy Orr alipokataa, nani alitengwa? Yeye. Hata ile serikali ya makaburu, ilipokubali mwaka 1983 kuwaachia wapinga vita wa kidini, iliwataka watumikie raia kwa muda mrefu mara moja na nusu kuliko wa jeshini. Mkataaji alibeba mzigo wake mwenyewe, mwepesi au mzito. Sasa njoo kwenye kliniki. Mhudumu anapokataa, yeye hupanga foleni nyingine na zamu yake huendelea; jioni anakwenda nyumbani na moyo mweupe. Anayerudi nyumbani na tatizo ni yule aliyekuja nalo. Waswahili walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na uzito wa mzigo huo unategemea mahali. Kwa mke wa Dainfern, kukataliwa na daktari mmoja ni kero ya nusu saa. Ana gari, ana bima, atafika kwa mwingine kabla ya chakula cha mchana. Kwa mwanamke wa Diepsloot, kando ya barabara ile ile, kukataliwa ni nauli ya teksi kwenda na kurudi, ni siku ya kibarua iliyopotea, ni mtoto wa kumwachia jirani, na pengine ni kuambiwa huko aendako arudi wiki ijayo. Amnesty International ilieleza mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 7 ya vituo vya afya vya umma 3,880 vya nchi hii vilikuwa vikitoa huduma hiyo. Tukumbuke pia anayetoka Diepsloot anaweza kuwa ametokea wapi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 na Sonke Gender Justice pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand uliwahoji wanaume zaidi ya 2,600 wa hapo. Asilimia 56 walikiri kwamba katika mwaka uliopita walimpiga mwanamke au kumlazimisha kimwili. Mbele ya sista wa zamu hakai "mteja" wa vitabuni. Anakaa mtu aliyetoka katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo uhandisi unapotusaidia kidogo. Nasi tuna desturi ya kukataa. Mhandisi akiona mchoro wa nguzo hautabeba mzigo, hasaini, hata bosi akasirike. Usiku wa kuamkia safari ya chombo cha Challenger, Januari 1986, wahandisi waliojua tabia ya zile pete za mpira katika baridi walipinga kisirushwe. Wakapuuzwa, wakafa watu saba. Kwa hiyo kukataa tunakuheshimu. Lakini mhandisi anapokataa kusaini, jengo husubiri. Saruji haijamwagwa na hakuna anayeumia kwa kusubiri. Mimba haisubiri. Wiki ya 11 haitakaa wiki ya 11 mpaka wakubwa wakubaliane. Katika jambo linalokwenda na saa, anayesema "mimi sifanyi lolote" tayari amefanya jambo, kwa kuwa ameamua wakati uendelee kukatika.

Jambo la pili tunalolijua wahandisi ni pampu ya akiba. Si mbali na Diepsloot upo mtambo wa Northern Works, mkubwa kuliko yote ya kusafisha majitaka ya Johannesburg. Katika kazi za namna hiyo hakuna mwenye akili anayejenga kituo chenye pampu moja. Hufungwa ya pili, na pengine ya tatu, kwa sababu tunajua tangu mwanzo kwamba ipo siku moja itagoma. Na siku majitaka yanapofurika mitaani hatuilaumu pampu. Tunamuuliza aliyejenga bila akiba. Binadamu si pampu, lakini hoja inasimama. Wizara inayojua kwamba baadhi ya wauguzi wake watakataa, na bado ikapanga muuguzi mmoja tu kwa huduma hiyo, imepanga mafuriko. Italia imeonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Sheria yao ya mwaka 1978 inaruhusu kutoa mimba na inamruhusu daktari kukataa. Katika miaka ya 2010 madaktari wa uzazi karibu 7 katika kila 10 walikuwa wamejiandikisha kuwa wakataaji. Haki ya kila mmoja wao ilikuwa halali, lakini zikijumlishwa zote, wanawake wa baadhi ya mikoa walibaki na sheria ya karatasi.

Kutokana na hayo tunaona kwamba haki ya kukataa haina kipimo kimoja. Penye wahudumu kumi na wenzake tisa wako tayari, mmoja akikataa hakuna anayedhurika, na kumlazimisha ni ukatili usio na faida. Penye mhudumu mmoja, kukataa kwake ni sawa na kufunga kliniki. Huyo wa pili hana dhamiri duni kuliko wa kwanza. Ila amekaa mahali ambapo dhamiri yake inaamua maisha ya watu wengine, na mtu wa namna hiyo ana wajibu wa kusema mapema, kabla ya kupangiwa kituo, ili apelekwe pengine na mahali pale apate mwingine. Atapoteza kitu: labda kituo cha karibu na nyumbani, labda zamu nzuri. Tunadhani ni haki apoteze. Dhamiri isiyomgharimu mwenyewe chochote, ikawagharimu wengine kila kitu, tuichunguze mara mbili.

Kuna pingamizi zito hapa, na hatutaki kulipita kimya. Mkataaji atasema: "Ninyi mnaniambia nisifanye, lakini nimwelekeze kwa anayefanya. Kama naamini ni kuua, nitamwelekezaje mtu kwa muuaji? Anayeonyesha njia na anayetenda wana tofauti gani?" Tumelijadili hili na rafiki zetu, Waislamu kwa Wakristo, na hakuna aliyelitupa. Wanafiqhi wenyewe hawakukubaliana; wengi hutofautisha kabla na baada ya siku 120, na Kanisa Katoliki halitofautishi. Jibu letu ni la nusu tu. Kumweleza mtu kilichomo ndani ya sheria ya nchi si kumfanyia kitendo. Ni kukataa kumfanya mateka wa kutojua kwake. Anayenyamaza anatumia ujinga wa mgonjwa kama kufuli, na hakuna dini tunayoijua inayoubariki ujinga wa namna hiyo. Hata hivyo tunakiri kwamba kwa mwenye imani kali jibu hili litaacha doa moyoni. Ndiyo maana tunasema mzigo wa kuelekeza uondolewe mabegani mwake kadiri inavyowezekana. Liwekwe bango kubwa ukutani, katika lugha za mtaa, Kiswahili kikiwemo: huduma hii inapatikana wapi, siku gani, kwa namba ipi. Mkataaji atasema neno moja tu, "Mimi sihusiki, soma pale," na ukuta utamalizia. Ukuta hauna dhamiri.

Nyumbani nako tusijisahau. Tanzania mengi ya haya hayajadiliwi kwa sababu sheria ya adhabu imefunga mlango wa kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Na Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona ipo haja ya matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. Lakini tunazo hospitali za misheni zilizofanywa Hospitali Teule ya Wilaya, zinazopewa fedha na watumishi na serikali. Nyingi zimeokoa maisha ya mama zetu, tusiwe watovu wa shukrani. Hata hivyo hospitali ya Kikatoliki haitoi vidonge vya uzazi wa mpango, na mahali pengine ndiyo hospitali kubwa ya pekee wilayani. Hapo anayekataa ni jengo, si mtu. Muuguzi Mlutheri au Mwislamu anayefanya kazi humo, ambaye dhamiri yake inamwambia ampe mama wa watoto wanane vidonge anavyoviomba, dhamiri yake iko wapi katika hesabu hiyo?

Kwani dhamiri haisemi "sitaki" peke yake. Mara nyingine inasema "nitafanya". Daktari Thys von Mollendorff, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Rob Ferreira huko Mpumalanga, aliruhusu waliobakwa wapewe dawa za kuzuia VVU wakati serikali ya mkoa haikutaka. Mwaka 2002 akafukuzwa kazi. Nao wauguzi wachache wanaokubali kutoa huduma ya kutoa mimba hapa Afrika Kusini hunyooshewa vidole na wenzao na hata makanisani kwao. Wengi wao ni waumini. Wanaamini kumwacha mwanamke aende nguzoni ndiyo dhambi. Tukizungumza juu ya kulinda dhamiri, tuwalinde na hao.

Mwisho, kuna jambo linalovaa kanzu ya dhamiri na silo. Tangu mwaka 2022 tumeona makundi, Operation Dudula likiwa maarufu kuliko yote, yakisimama kwenye milango ya hospitali na kliniki za Gauteng yakiwarudisha wageni. Mwaka 2025 yalizidi, mpaka Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaliamuru kundi hilo liache. Kabla ya hapo, Aprili 2023, mahakama ilikuwa imethibitisha kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wana haki ya matibabu ya bure bila kujali uraia. Diepsloot inajua chuki hii ina bei gani. Ilifika huko Mei 2008 na imerudi zaidi ya mara moja. Na wapo wahudumu, si wengi tunaomba Mungu, wanaowaunga mkono wale wa mlangoni na kusema, "Nafsi yangu hainipi kumtibu mgeni wakati ndugu yangu hajatibiwa." Hilo tulikatae bila kigugumizi. Dhamiri hukataa kitendo, awe anayekiomba ni nani. Anayekataa mtu, na kitendo kile kile akamfanyia mwingine kwa furaha, ana chuki tu. Kipimo hiki ni kidogo lakini kinafaa mahali pengi, hata katika nyumba zetu.

Turudi kwenye simu yetu. Tumejipima kwa vipimo hivi na tumeanguka karibu katika vyote. Hatukusema mapema kwamba kuna maneno hatutaweza kuyatafsiri. Hatukumpa binti nafasi ya kumtafuta mkalimani mwingine. Tulijificha ndani ya lugha, mahali ambapo yeye asingeweza kutuona. Na saa ilikuwa yake, si yetu. Sista wa kliniki ile hakukataa lolote, hakuulizwa. Mkataaji alikuwa mkalimani, na hakuwa na ujasiri wa kusema "nakataa".

Imani yetu haijabadilika. Tungali tunaona uhai wa tumboni ni amana, na akituuliza mtu tutamwambia hivyo. Kilichobadilika ni kazi ya simu. Siku hizi akipiga mtu wa kwetu yuko kliniki, tunamwambia kabla hajaanza: "Mwanangu, tutasema kila neno utakalosema, kama ulivyolisema. Kama kuna jambo ambalo hutaki lipite kwetu, hii hapa namba ya mama mwingine." Wengi hucheka, maana wamekuja kwa kikohozi au kwa presha. Wachache hunyamaza kidogo, wakaomba ile namba.

Tunawapa.